Vitufe vya Kushea Vinanikera, na Nitasema

Ujumbe wa mteja ulikuwa mfupi: "Tovuti imependeza, ila tuwekee vile vitufe vya kushea, vyenye namba." Vyenye namba, yaani vinavyoonyesha ukurasa umeshewa mara ngapi! Twitter waliiondoa hesabu hiyo Novemba 2015, lakini bado kuna watu wanaidai kana kwamba imeandikwa kwenye katiba. Yeye nimemjibu kwa adabu. Hapa nitaiweka adabu pembeni kidogo.

Wengi wanadhani kitufe cha Like ni kapicha tu. Si kapicha. Ni programu ya watu wengine uliyoikaribisha ndani ya ukurasa wako, na ikishaingia inafanya inachotaka kwa jina lako. Facebook walikitoa Aprili 2010 (na wakatangaza kukistaafisha kwenye tovuti za nje kuanzia Februari 2026), na tangu mwanzo mchezo ulikuwa uleule: mgeni anafungua ukurasa wako kusoma, tuseme, kuhusu ugonjwa anaouonea aibu. Kivinjari chake kinakwenda kukichukua kitufe kwenye seva za Facebook, na njiani kinataja ukurasa gani umefunguliwa. Kama kuki, vile vijifaili vya kumtambua mgeni, zimeruhusiwa, kinamtaja na mwenyewe. Hapo hajabonyeza chochote. Pengine hata akaunti hana. Siku hizi Safari na Firefox huzuia sehemu kubwa ya ujanja huo, ahsanteni sana, lakini hebu fikiria maana yake: kivinjari kinamlinda mgeni wangu dhidi yangu mimi niliyemkaribisha.

Na msiniambie hilo ni la Facebook, sisi halituhusu. Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Fashion ID, duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani lililoweka kitufe hichohicho. Uamuzi: mwenye tovuti anawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya data hizo na kuzipeleka kwao. Kwa kapicha kale kadogo ka dole gumba.

Tuache sheria, tuje kwenye uzito. Fungua zana za msanidi kwenye kivinjari chako, nenda sehemu ya mtandao, kisha pakia upya ukurasa wenye safu ya vitufe hivi. Skripti moja (kipande cha programu) inaita nyingine, hiyo inaleta fremu, yaani kidirisha cha tovuti nyingine ndani ya ukurasa wako, fremu inakuja na fonti zake, na nyuma yao wanajipenyeza wapelelezi wa matangazo ambao hukuwaalika. Maandishi yako yameshafika zamani, msomaji ameanza aya ya pili, kidole kiko juu ya kiungo. Ghafla safu inatua, aya zote zinashuka, kidole kinaangukia tangazo. Amepotea huyo. Na chini ya kila kitufe, kwa fahari kubwa: 0, 0, 0. Hiyo ndiyo namba iliyoombwa. Makala isiyoshewa na mtu, na wewe unalipa kwa kasi ya ukurasa wako ili ulimwengu ujue.

Kisha kuna siku mwenye skripti anapokosea. Februari 2013 hitilafu upande wa Facebook ilikuwa inawachukua wasomaji wa tovuti nyingi kubwa zilizounganishwa nao na kuwatupa kwenye ukurasa wa kosa wa Facebook. Tovuti zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Startapu, zile kampuni changa zinazogawa bure vijisehemu vya kubandika kwenye tovuti, nazo nina neno nazo. "Bure milele" ya startapu huisha siku inaponunuliwa. AddThis, waliogawa vitufe vya kushea, walinunuliwa na Oracle 2016, na Mei 2023 huduma ikafungwa. Waliokuwa wamebandika ule mstari mmoja wa msimbo wakaanza kukimbizana na kurasa zao. Parse, waliotunza data za programu za watu, walinunuliwa na Facebook 2013 na kufika Januari 2017 wamezimwa. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, walikuwa na kitufe chao pia. Wangapi wanakikumbuka?

Halafu mbadala upo, wala hauhitaji mwanasayansi. Kiungo cha kawaida chenye anwani ya ukurasa mwishoni kinamfikisha mtu WhatsApp au Facebook bila skripti hata moja ya nje. Kwenye simu kuna navigator.share, amri iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe: msomaji anabonyeza, simu inamfungulia orodha yake mwenyewe, anachagua kundi la familia au SMS, mambo yamekwisha. Hakuna aliyepelelezwa. Na tuseme ukweli, watu wengi hunakili anwani na kuibandika kwenye gumzo, jambo ambalo namba ya mteja wangu isingelihesabu kamwe.

Haya, nitakubali moja, kwa shingo upande. Video na ramani huwezi kuzitengeneza nyumbani, na sitamwambia mtu ajenge YouTube yake. Lakini hata hapo weka picha ya jalada na alama ya kucheza juu yake, mzigo wa nje uje pale tu mtu anapobonyeza. Ni mistari michache ya msimbo. Wateja niliowafanyia hivyo hawajawahi kuulizia ile fremu ya zamani. Wanachouliza ni kwa nini kurasa zao nyingine bado ni nzito.