Miaka tisa Kampala, leo naulizia mji kwenye simu

Jamani mwenye akili anisaidie. Mama mkwe kapiga simu kutoka Mwanza, shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu hapo hapo bila hata kuvuta pumzi, "Tunakuja na basi Ijumaa ijayo, tuko saba, we Baba Salma ndo mwenyeji, tupangie siku nne tuuone huo mji." Nikasema hewala mama, kwa sauti ya mtu anayeujua mji. Mimi! Miaka tisa niko mtaa wa Kisenyi, najua gereji, najua soko la Owino, najua taksi paki, stendi ya daladala. Basi.

Usiku nikanunua MB nikaingia Google.

Sasa saba wenyewe hawafanani. Mama mkwe ana magoti. Shemeji anakuja na watoto watatu wanataka simba, tena simba wa karibu. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa historia, anataka makaburi ya wafalme. Na yule bwana mdogo kanitumia meseji pembeni, "bro Kabalagala vipi?" mtaa wa mabaa ule, nikaifuta kabla mama Salma hajaiona.

Intaneti nayo inaniuliza we msafiri wa aina gani, wa anasa, wa familia au wa bei chee, nikabonyeza bei chee fasta, wakaniletea chumba dola 60 kwa usiku. Sitini! Hiyo ni kodi yangu ya mwezi na chenji ya rolex mbili, chapati za kuviringishiwa mayai, mayai mawili mawili, nyanya ndani.

Simba wako zuu ya Entebbe, kama kilomita 40, wameandika dakika 45. Dakika 45 za nani? Labda za msafara wa Rais. Sisi wengine jioni dakika 45 bado uko Kibuye, hapa hapa Kampala, unatazamana na mtu wa boda aliyeweka goti kwenye mlango wa takisi.

Ya mjomba ndo ilinila MB. Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, niliijua kwa ule moto wa Machi 2010, kichwani mwangu bado ni majivu, kumbe wameijenga upya na UNESCO wameitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2023. Na mjomba namjua, atanihoji mbele ya watu, kwa hiyo saa saba usiku mtu mzima nakariri makabaka, yaani wafalme, waliozikwa pale, Muteesa wa kwanza, Mwanga, Daudi Chwa, Muteesa wa pili, Muteesa wa kwanza, Mwanga... mama Salma akageuka kitandani akauliza Mwanga ndo nani.

Mama mkwe nikampangia msikiti wa Gaddafi, pale Old Kampala. Wanasema mgeni asikose kupanda mnara, ngazi zaidi ya 300. Magoti yale? Mwenyewe naswali pale kila Ijumaa na sijapanda hata moja, navaa viatu naondoka.

Nikasema basi angalau nione huko juu kukoje. Kuna mzungu kapiga picha toka mnarani, Kampala yote imelala chini, nikaikuza, nikaikuza tena, mabati ya Kisenyi, tangi letu jeusi lile pale, na kwenye kamba ya jirani imeanikwa suruali yangu ya kijivu iliyopotea mwaka jana, ile yenye kiraka cha bluu gotini.

MB zikakata.