Mgodi wenye sifuri ya ajali, tuuamini?

Geti la mgodi mkubwa siku hizi halikosi ubao wa masaa ya kazi bila ajali, na wenye mgodi wanaupenda kweli ule ubao, mgeni akija picha ya kwanza anapigiwa hapo. Sasa kwa vile huku kwetu Lindi biashara ya kinywe (grafiti) pale Ruangwa ndo kwanza inachanganya, mi naona tuulizane mapema hizo namba wanazoita malengo ya usalama na mazingira zinapima nini hasa, mana tukisubiri mgodi uzeeke tutakua tunabishana na makaratasi.

Upande wa kampuni kwanza, vijiweni huwa unarukwa. Bila lengo la namba bajeti ya sefti ndo ya kwanza kukatwa bei ya madini ikishuka, hilo halina ubishi. Sheria zipo, ya usalama kazini ya 2003 na ya mazingira ya 2004, OSHA wa usalama kazini na NEMC wa mazingira wapo, ila mkaguzi anakuja siku moja anaondoka. Meneja aliyeandikiwa lengo analala nalo, anaweka matuta njia ya matipa, anamsimamisha dereva anayekimbiza gari, anagombana na watu wasiovaa miwani. Nimesikia wanaodharau helmeti na refleksa eti ni maonyesho, hao hawajawahi kuona jiwe likidondoka.

Shida inaanza kwenye hesabu yenyewe. Kipimo kinachotumika sana ni hivi, unachukua ajali zilizomfanya mtu akose zamu, unazidisha kwa milioni moja, unagawa kwa masaa yote yaliyofanywa kazi. Chukulia mgodi wa watu 200, kila mmoja masaa kama 2,000 kwa mwaka, jumla 400,000. Akiumia mmoja kipimo kinasoma 2.5, wakiumia wawili 5, asipoumia mtu 0. Yani jamaa akiteguka mguu kwenye ngazi za bweni kampuni "imefeli", mwaka unaofuata hamna aliyeteguka "imefaulu", na machimbo ni yaleyale, matipa yaleyale, uzembe uleule. Kwa kampuni yenye maelfu ya watu hiyo namba inatulia, ina maana. Kwa migodi ya saizi hii inarukaruka tu, ukiichora kwa mwaka mmoja mmoja utadanganyika.

Alafu kuna kuficha. Kinachohesabiwa ni zamu iliyokosekana, kwaiyo aliyeumia kidole analetwa ofisini akae kwenye kiti apange mafaili, zamu haijapotea, ubao unaendelea kusoma vizuri. Nikiri hapo pana utetezi wa haki, kazi nyepesi inamsaidia mtu asikae nyumbani akiwaza, daktari akiridhia sioni ubaya. Ubaya ni pale bonasi ya kundi zima inapofungwa kwenye sifuri, hapo wenzake wenyewe ndo wanamwambia nyamaza bana, na kibarua wa kontrakta ndo kabisa, akisema kaumia anajua wiki ijayo haitwi. Asiporipoti ndo hata fidia ya WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inakua ngumu kuifuata. Ndo maana kampuni inayoonyesha matukio mengi ya kunusurika, jiwe limedondoka halijampiga mtu, breki zimekataa kidogo, mi naiamini kuliko yenye karatasi jeupe.

Na hata sifuri ya kweli haikuambii kuhusu balaa kubwa. Aprili 20, 2010 kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon kule Ghuba ya Mexico mabosi walikua wamekuja kuwapongeza watu kwa miaka 7 bila ajali ya kukosesha kazi, usiku huohuo ukalipuka wakafa 11. Vidole na visigino vinapimwa kivyake, kisima cha mafuta au bwawa la topesumu, yani tope la mabaki ya mgodi, linapimwa kivyake. Na mabwawa sio hadithi za mbali, la mgodi wa almasi wa Mwadui kule Shinyanga lilipasuka Novemba 2022 tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya watu.

Sasa mazingira, na hapa ndo kampuni na wanakijiji wanaongea lugha mbili kabisa. Kampuni inaleta ripoti ya miti iliyopandwa na lita za maji zilizorudishwa mtamboni. Mwanakijiji anauliza vumbi kwenye mikorosho. Mikorosho inatoa maua kiangazi, kipindi ambacho barabara zinatimka na matipa yanapita, na mkulima mavuno yakiwa mabaya anasema ni mgodi. Kampuni nayo inajibu mbona nyie wenyewe mnapuliza salfa ya unga, mbona barabara ni ya vumbi toka enzi. Wote wanaweza kuwa sahihi! Bila vipimo vya vumbi vya kabla mgodi haujaanza hakuna wa kuamua, inabaki nani ana sauti kubwa kwenye mkutano wa kijiji. Maji ndo yananipa wasiwasi zaidi, mana miamba yenye kinywe mara nyingi inakua na salfaidi ya chuma, ikifukuliwa ikapata hewa na mvua inatoa asidi, na asidi haionekani kwenye ubao wa getini, inaweza kuanza kutoka baada ya miaka.

Kwaiyo msimamo wangu, malengo yawepo, ila ya ajali yasifungwe na bonasi, na ya mazingira yachaguliwe pamoja na kijiji: vumbi shambani kipindi cha maua, maji ya visima mwisho wa kiangazi na tena mvua za masika zikikolea. Kampuni ilipie, sawa, lakini chupa ya sampuli ijazwe na watu wa bodi ya bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini pale Mtwara mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, hata yakiwa mabaya. Kampuni zitasema ni gharama na watu watayasoma vibaya. Gharama kweli ipo. Hilo la kusoma vibaya silikubali, mtu anayejua kupigia hesabu makato ya stakabadhi ghalani hashindwi kuelewa namba tatu za kisima.