Wanauliza hata kiwanja cha bibi

Saa nane za usiku simu ililia. Alikuwa mpwa wangu, anapiga kutoka Massachusetts. Nikadhani kuna msiba.

"Mjomba, samahani nimekuamsha. Hivi kile kiwanja cha bibi kule Arua, hati ina jina la nani?"

Kwao ilikuwa jioni tu. Kijana kaomba kazi ya kompyuta katika kampuni inayoihudumia serikali ya Marekani, na kazi yenyewe haishikiki bila kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Ana uraia wa nchi mbili, wa huko na wa kwetu Uganda, na wenzake wamekwisha mtia hofu kwamba mwenye pasipoti mbili asijisumbue.

Wamempotosha. Mwongozo wa Marekani unaotumika tangu Juni 2017 unasema uraia wa pili peke yake haumnyimi mtu kibali. Kinachomponza ni kuificha ile pasipoti nyingine, au kuitumia kuingia na kutoka Marekani. Zamani, Wizara yao ya Ulinzi ilitaka mwombaji aisalimishe kwanza.

Kazi iko kwenye fomu. Inaitwa SF-86, na kurasa zake zinapita 100. Wanataka safari zako za nje za miaka saba, mali yoyote uliyo nayo ng'ambo, raia wa kigeni unaowatumia pesa (na kila mwezi anamtumia bibi yake), kisha jamaa zako: wazazi, mama wa kambo, wakwe, ndugu. Hapo kwenye ndugu ndipo tulipokwama hadi alfajiri. Baba yake alioa wake wawili. Fomu inataka ujue nani ni wa tumbo moja na nani ni wa baba tu, jambo ambalo kwetu ukilitamka mezani unaonekana unatafuta ugomvi. Halafu tarehe ya kuzaliwa ya mama mdogo! Yeye mwenyewe husema alizaliwa mwaka wa Uhuru, msimu wa mtama. Ijaze hiyo.

Uganda tumechukua njia nyingine. Uraia wa nchi mbili ulifunguliwa na marekebisho ya Katiba ya 2005, yaleyale yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na sheria ya 2009 ikaweka utaratibu wake. Sheria hiyo ina orodha ya vyeo ambavyo mwenye uraia wa pili havigusi: Rais, Makamu, Waziri Mkuu, mawaziri, Inspekta Jenerali wa Polisi na naibu wake, mkuu wa majeshi, makamanda wa vikosi kuanzia batalioni, wakuu wa mashirika ya ujasusi, mpaka wajumbe wa bodi ya uraia na uhamiaji. Orodha haikuulizi una kiwanja wapi wala unamtumia nani pesa. Ukiutaka uwaziri, uache ule uraia mwingine.

Orodha ina uungwana wake: unaujua mlango uliofungwa kabla hujafunga safari. Lakini mimi nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, baba yangu alikuwa karani, na najua faili la siri linapita mikono mingapi kabla halijafika kwa mkubwa. Linapigwa chapa na mtu, linabebwa na mtu, linafungiwa kabatini na mtu mwenye ufunguo mfukoni. Hao orodha haiwataji. Tumekilinda kiti tukamsahau anayekifuta vumbi. Afadhali kuulizwa maswali ya kuchosha, hata ya fedheha kidogo, kuliko kupimwa kwa idadi ya pasipoti. Mtu mwenye pasipoti moja naye ana madeni, ana shemeji ng'ambo, ana tamaa.

Kiwanja kumbe kina jina la mpwa wangu mwenyewe. Bibi alimwandikisha zamani, hakumwambia. Kakijaza kwenye fomu, pamoja na mama mdogo na mtama wake.

Hajajibiwa mpaka leo. Na mama yangu, huyo bibi mwenyewe, kila Ijumaa ananiuliza hao Wamarekani wanakuja lini kukiona, ili nyasi zifyekwe mapema.