Dhamiri ya muuguzi na dhamiri ya jengo

Muuguzi akisema "hilo mimi sifanyi", huku kwetu Nyanda za Juu Kusini anahukumiwa papo hapo: mvivu, au mlokole aliyezidi. Tunawaonea. Mtu aliyekesha na wajawazito miaka kumi hakatai kumwekea mama kijiti cha uzazi wa mpango kwa kuwa amechoka. Anakataa kwa kuwa ni mkono wake, na ndiye atakayerudi nao nyumbani.

Waingereza walilitambua hilo. Sheria yao ya utoaji mimba ya 1967, kifungu cha 4, inamruhusu mhudumu kutoshiriki, ila si pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Mwaka 2014 wakunga wawili Wakatoliki wa Glasgow walitaka kinga hiyo ifike hadi kusimamia wenzao na kupanga zamu. Mahakama ya Juu ikakataa: kinga inamlinda anayetia mkono, haipandi hadi ofisini. Wengi waliona wameonewa. Mimi naona dhamiri ilirudishwa kwa mwenyewe.

Kwetu Tanzania sheria inaruhusu kutoa mimba kwa kuokoa maisha ya mama tu, hivyo mvutano wa kila siku uko kwenye uzazi wa mpango. Na tiba ya milimani imebebwa sana na misheni: Ikonda, Tosamaganga, Igogwe, zote za Kikatoliki, na Kanisa halikubali vidonge, kitanzi wala kufunga kizazi. Anayezibeza hospitali hizi hajawahi kuuguza mtu Makete wakati wa masika.

Lakini fikiria mama anayejifungua kwa upasuaji mara ya nne. Tumbo li wazi, anaomba afungwe kizazi hapo hapo, kazi ya dakika chache. Anajibiwa: hapa hatufungi. Basi apone, atafute nauli, watoto awaache kwa bibi, akapasuliwe tena kwingine. Au asiende, na mimba ya tano imkute na kovu ambalo kila mkunga anaogopa litachanika. Hapo aliyekataa ni nani? Pengine daktari alikuwa radhi. Pengine muuguzi aliyeshika mkasi ana kijiti chake mwenyewe chini ya gauni. Hakuna aliyewauliza, lilijibu jengo.

Ibara ya 19 ya Katiba inampa uhuru wa imani kila mtu. Wenye hospitali watasema walijenga kwa sadaka, na kuwalazimisha ni kuwafungisha milango. Kweli. Ila inapokuwa hospitali teule, yaani ya kanisa iliyoteuliwa kuwa hospitali ya wilaya, yenye watumishi wanaolipwa na serikali, mama aambiwe tangu kliniki, na rufaa iandikwe kabla uchungu haujaanza. Na muuguzi asiyetaka kuweka kijiti aachwe, aitwe mwenzake. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja, mwenzake huyo aajiriwe kwanza.