Wastani wa hojaji: namba zilizofuatana si lazima zilingane nafasi

Katika tafiti za uzamili hapa Unguja na Pemba hurudi ubishi uleule: je, majibu ya hojaji yaliyopewa namba 1 hadi 5, kutoka "siridhiki kabisa" hadi "naridhika sana", yanafaa kutafutiwa wastani? Wanaokataa wanamfuata mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Smith Stevens, ambaye mwaka 1946 aligawa vipimo katika ngazi nne: vya majina (namba ni jina tu), vya mpangilio (namba husema tu ipi iko juu ya ipi), vya nafasi sawa (hatua zote zinalingana) na vya uwiano (kuna sifuri ya kweli, hivyo tunaweza kusema "mara mbili"). Kwao majibu ya hojaji ni vya mpangilio tu, na wastani unahitaji nafasi sawa. Wengi huwaona kuwa ni watu wa kushikilia herufi, nami naamini wanadhulumiwa.

Mkulima wa Wete anapouza karafuu, mizani husoma kilo, na kilo 10 ni mara mbili ya kilo 5 bila ubishi. Karafuu hizohizo zikitazamwa ukavu, rangi na makonyo yaliyobaki ndani yake, hupewa daraja, na daraja husema tu ipi bora kuliko ipi. Gunia la daraja la kwanza ukilichanganya na la daraja la tatu, hupati magunia mawili ya daraja la pili.

Tuseme watu watatu wa shehia moja wamejibu 3, 3 na 3, na watatu wa shehia ya jirani 1, 2 na 5. Jumla ni 9 kwa 8, kwa hiyo shehia ya kwanza inaongoza. Sasa "naridhika sana" ipewe 7 badala ya 5. Mpangilio haukuguswa wala hakuna aliyebadili kauli yake, lakini shehia ya pili imefikia 10 na imeshinda. Ushindi huo umetoka kwa aliyepanga namba, si kwa wananchi, na huenda ripoti hiyo ndiyo itakayoamua kisima kichimbwe wapi. Jibu la katikati, majibu yakipangwa kutoka dogo hadi kubwa, halikuyumba: 3 kwa shehia ya kwanza na 2 kwa ya pili, kabla na baada.

Upande wa pili nao una hoja. Rensis Likert, mwanzilishi wa hojaji za namna hii, mwaka 1932, alijumlisha majibu ya maswali mengi, na jumla ya namna hiyo hutulia kuliko swali moja. Mtaalamu wa takwimu Frederic Lord, mwaka 1953, alionesha kwa kisa cha kubuni kwamba hata wastani wa namba za jezi, ambazo ni majina tu, unaweza kutuambia kama wachezaji wa mwaka wa kwanza walipewa namba ndogo kwa bahati tu. Lakini Lord aliuliza habari za namba zenyewe. Mtafiti wetu anauliza ridhaa ya watu. Jumla ya maswali mengi naikubali, mradi mtafiti aseme wazi amedhani nini kuhusu nafasi baina ya majibu. Kwa swali moja, atuoneshe ni wangapi walichagua kila jibu.