Mwisho tunaujua, njia je?
Mwandishi, katika uhakiki wako umesema kweli, mwisho wa filamu hii ya Kimarekani ya mtalaka anayeanza kupenda upya unaujua tangu mwanzo. Hilo halinisumbui, hata hadithi za bibi tulijua mwisho wake na bado tukamwomba arudie. Kinachoniuma ni yule mama kupata mchumba kabla machozi hayajakauka. Mimi niliachika hapa Ngamiani, Tanga, nina watoto wawili. Kwanza eda, ule muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi. Kisha shauri la kugawana nyumba, na namshukuru Bi Hawa Mohamed, ambaye katika kesi yake ya 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mchumba alikuja mwaka wa tatu. Mwanangu mkubwa hakumwamkia miezi minne.