Madaftari ya ba'mkubwa

Jamani wana Tanga mlioko nyumbani na mlioko nje, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo acha niliseme. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, mwaka wa tisa huu niko Birmingham, kazi yangu matengenezo ya mitambo kiwandani. Watu wakinipigia huwa wananiuliza mshahara, baridi, kodi ya nyumba, ila kitu ninachowaonea wivu hawa watu kikweli ni vikao vya jioni vya tawi lao la mainjinia.

Chama chenyewe, Institution of Mechanical Engineers, kilizaliwa hapahapa Birmingham Januari 1847, kwenye hoteli iliyokuwa jirani na stesheni ya treni, na rais wao wa kwanza alikuwa George Stephenson yule wa vichwa vya treni. Sasa sikilizeni, huyu mzee kakulia kwenye machimbo ya makaa ya mawe, shule hakwenda, kusoma kajifunza ana miaka 18, na ndio huyohuyo wakamweka mbele! Makao makuu yakahamia London 1877, saivi hapa ni tawi tu. Siku ya kwanza nimeenda, nimealikwa na mzee mmoja wa kazini, nikakuta mstaafu wa miaka themanini na kitu anaeleza pampu iliyomshinda ujanani, wapi alikosea, alipasua nini, na vijana kimya wanaandika. Nikarudi na basi la usiku namuwaza ba'mkubwa wangu njia nzima.

Ba'mkubwa alikuwa fundi wa umeme wa maji bonde la Pangani. Na umeme wa maji kwetu haujaanza jana, mtambo wa zamani wa maporomoko ya Pangani ni wa miaka ya 1930, Hale ukaja 1964, megawati 21. Yeye alikuwa anaweka bisibisi kwenye beringi, pale shafti ya mtambo inapozungukia, mpini sikioni, anakwambia hii haimalizi mwezi, na kweli haimalizi. Alikuwa na madaftari manne, kila hitilafu kaandika tarehe, sauti aliyoisikia, kilichokutwa kimeliwa ndani, na mchoro wa penseli. Alipofariki sisi wenyewe familia tukampa muuza karanga akafungie. Nilikuwa form two, mimi ndio niliyebeba. Mpaka leo inaniuma.

Ndio maana nasema tunapokosea sio kwenye akili wala pesa. Sheria ya kusajili wahandisi tunayo tangu 1968, ikaja nyingine 1997, vyuo vipo, vijana wenye digrii wapo wengi tu. Lakini injinia na fundi kwetu hawakai meza moja, mwenye cheti anaitwa ukumbini mwenye miaka thelathini ya grisi mkononi anabaki nje na spana yake, halafu akistaafu anaondoka na kila kitu kichwani. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Mombo 1905, hebu niambieni nani amekaa na wazee wa karakana akaandika walichokijua? Saivi bomba la mafuta linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 linaishia Chongoleani hapo kwetu Tanga, mafuta yenyewe mazito yakipoa yanaganda kwahiyo bomba linapashwa moto njia nzima, yaani hapo kuna elimu ya maisha, nayo ikiishia vichwani mwa wachache wajukuu zetu wataanza upya.

Na msidhani huku kila kitu ni bora, hapana. Huku kikao kikiisha kila mtu kofia yake na mlango wake, jirani yangu wa ukuta mmoja simjui jina. Kwetu baraza lipo tayari, kahawa na kashata, wazee wanakuja bila barua ya mwaliko. Hata wahandisi wa London walipoanzisha chama chao cha ujenzi mwaka 1818, vijana wadogo kabisa, walianzia mgahawa wa kahawa mtaa wa Fleet Street. Kilichowasaidia ni kwamba mtu alikuwa anaandika.

Desemba nakuja Tanga wiki tatu inshallah. Mwenye baba, babu au mjomba aliyefanya kazi reli, bandari, Hale au viwandani, awe injinia awe fundi, naomba aniambie mapema, kahawa juu yangu na daftari nakuja nalo.